Mshauri Nasaha Aliye Mafunzoni: Anakotoka, Anavyofanya Kazi, na Haki Zako Wewe Mteja

Mtu anapokwenda katika kituo cha ushauri nasaha kwa mara ya kwanza, huwa tayari amehesabu nauli yake, ametunga la kumjibu jirani aliyemwuliza anakoelekea, na pengine amefika langoni na kurudi barabarani mara mbili kabla ya kuingia. Ndipo karani wa mapokezi anamwambia: “Leo utaonwa na mshauri aliye mafunzoni.” Baadhi huondoka papo hapo. Wengi hubaki kwa kuona haya kukataa. Wanaouliza maswali ni wachache mno, ilhali kuuliza ni haki yao. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata huduma zenye ubora unaofaa, pamoja na habari anazozihitaji ili anufaike kikamilifu na huduma hizo. Ushauri nasaha ni huduma kama nyingine.

Makala haya yanaeleza mshauri wa aina hiyo ni mtu gani, amepitia nini kabla ya kuketi mbele yako, hufuata njia ipi katika kazi yake, na mambo gani yakupasa uyajue kabla ya kumfungulia moyo. Kwa ufupi tutamwita mwanagenzi.

Anakotoka

Kuwatuliza watu ni kazi kongwe kuliko vyuo. Shangazi, somo, kungwi, wazee wa ukoo na viongozi wa dini wameifanya tangu zamani, nao wangali wanaifanya. Ushauri nasaha kama taaluma ya kusomewa ulienea nchini mwetu hasa katika miongo ya karibuni. Baada ya shambulio la bomu dhidi ya ubalozi wa Marekani jijini Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, ambapo watu zaidi ya 200 waliuawa na maelfu wakajeruhiwa, ilidhihirika kwamba kuna majeraha yasiyoshonwa kwa uzi. Mwaka 2001 adhabu ya viboko ilipigwa marufuku shuleni, na walimu wakatakiwa kuwaelekeza wanafunzi kwa mazungumzo. Katika miaka hiyo hiyo vituo vya ushauri na upimaji wa hiari wa virusi vya UKIMWI vikaanza kuenea, na hapo ndipo Wakenya wengi walipolisikia kwa mara ya kwanza jina la mshauri nasaha. Hatimaye Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 ikaunda Bodi ya kuwasajili na kuwasimamia wanaofanya kazi hii.

Mwanagenzi ni mtu anayesomea stashahada, shahada au uzamili katika taaluma hiyo, aliyekwisha kupita sehemu ya masomo ya darasani, na ambaye sasa anatakiwa kuwahudumia wateja halisi kwa saa kadhaa kabla ya kuhitimu. Hospitali, shule, vituo vya jamii, taasisi za dini na vyuo vyenyewe huwapokea wanagenzi. Hafanyi kazi kwa mamlaka yake mwenyewe. Yuko chini ya msimamizi, yaani mshauri aliyekomaa na kusajiliwa, ambaye hukutana naye mara kwa mara ili waijadili kazi yake mteja kwa mteja. Hata washauri waliobobea huwa na wasimamizi. Kwa hiyo msimamizi si dalili ya udhaifu. Mwanagenzi asiye na msimamizi ndiye wa kutiliwa shaka.

Usidhani kwamba kila mwanagenzi ni kijana wa miaka ishirini. Wengi wameingia katika masomo haya wakiwa watu wazima, baada ya kufanya kazi ya ualimu, uuguzi, upolisi au uchungaji. Tuchukue mfano, wa kubuni lakini usio mbali na yale yanayoonekana vituoni. Mwanamke wa miaka arobaini na mitatu amefundisha shule ya msingi kwa miaka kumi na mitano. Kila mwaka alipata mtoto mmoja au wawili waliobaki darasani wakati wa mapumziko, wakijisingizia kutafuta kalamu, mpaka wenzao wote watoke. Aliwasikiliza na kuwapa mawaidha. Kisha mumewe akafariki, na katika miezi ya majonzi akagundua jambo lililomshangaza: maneno mengi aliyoambiwa kwa nia njema yalimchosha, na aliyemsaidia zaidi alikuwa jirani aliyekuja kila Jumamosi, akachambua mboga pamoja naye, na kusema machache. Mwaka uliofuata akajiandikisha chuoni.

Simulizi ya namna hii huvutia, na vituo vingine huitumia kuwanadi wanagenzi wao: amepitia, kwa hiyo anaelewa. Hapo tungependa msomaji awe mwangalifu. Msiba si cheti. Mtu aliyefiwa anaweza kumwelewa mfiwa mwenzake, lakini anaweza pia kuuona msiba wake mwenyewe machoni pa kila mteja, na asimsikie tena aliye mbele yake. Ndiyo sababu vyuo vingi huwataka wanagenzi kuketi kwanza katika kiti cha mteja, kwa vikao kadhaa, ili ya kwao yapate mahali pake. Unaweza kumwuliza mwanagenzi kama amewahi kuwa mteja. Si lazima akueleze alizungumza nini huko. Jibu la ndiyo linatosha.

Njia anayoifuata

Jina lenyewe la kazi hii huwapotosha watu. Ushauri ni kumpa mtu shauri. Nasaha, neno tulilolipata kwa Kiarabu, nalo ni mawaidha mema. Mteja basi hutarajia kushauriwa na kuusiwa, tena na mtu aliyesoma. Badala yake hukutana na mtu anayemwuliza, “Wewe mwenyewe unalionaje?” Lalamiko la kawaida la wateja wapya ni hili: nimelipa nauli, nimetoa siri zangu, na sikuambiwa la kufanya.

Asili ya mwenendo huo ni fikra za mwanasaikolojia Mmarekani Carl Rogers, aliyeishi kati ya 1902 na 1987. Yeye alishikilia kwamba mtu hubadilika anapopata mahali pa kujisikia mwenyewe bila kuhukumiwa, wala si kwa sababu mjuzi amemwelekeza. Katika makala aliyoyachapisha mwaka 1957 alieleza masharti aliyoyaona kuwa ya lazima, na matatu kati yake yangali yanafundishwa vyuoni: mshauri aelewe mambo kana kwamba anayatazama kwa macho ya mteja, amkubali mteja bila kumwekea sharti, na awe mkweli, asivae uso usio wake. Masharti haya husomwa kwa dakika mbili na kujifunzwa kwa miaka. Kwa mwalimu wa zamani, aliyezoea kusahihisha, la pili ndilo gumu.

Turudi kwa mwanagenzi wetu. Mama mmoja amemjia kwa ajili ya mwanawe wa miaka ishirini na sita, anayekunywa pombe na kuuza vyombo vya nyumbani. Kikao cha kwanza kinapokaribia kwisha, mama anasema: “Mwalimu, wewe umesoma. Niambie, nimfukuze au nimwache?”

Angekuwa darasani, mwanagenzi angejibu mara moja. Anasema: “Mama, nikikuambia umfukuze, usiku atakaolala nje utabaki peke yako na uamuzi wangu. Tuutafute uamuzi utakaoweza kulala nao. Mwezi uliopita ulipomfungia mlango, ni nini kilichokufanya uufungue?”

Mama ananyamaza kwa muda. Kisha anasema kwamba baba wa kijana huyo alifia barabarani, usiku, akiwa njiani kurudi nyumbani. Jambo hilo halikuwamo katika fomu aliyoijaza mapokezini.

Swali la kufukuza au kuacha halikujibiwa siku hiyo. Ila mama aliondoka akijua kwamba kila alipoushika mlango ule alikuwa akimfungulia mtu mwingine pia. Katika kikao cha nne alifikia uamuzi wake mwenyewe: kijana atalala ndani, vyombo vitafungiwa kwa dada yake mama, na madeni ya kilabuni hayatalipwa tena na mtu mwingine. Je, shangazi mwenye busara hangempa mama huyo shauri hilo hilo katika siku ya kwanza? Huenda angempa. Tofauti ni kwamba shauri la shangazi huvunjwa usiku wa kwanza wa mvua.

Hata hivyo, kuacha uamuzi kwa mteja si kumficha habari. Mama huyo alipouliza matibabu ya uraibu yanapatikana wapi, mwanagenzi alipaswa kumjibu wazi, na kumpa nambari 1192 ya Mamlaka ya Kitaifa ya Kampeni dhidi ya Matumizi Mabaya ya Pombe na Dawa za Kulevya, NACADA. Mshauri anayejibu kila swali la habari kwa swali jingine hafuati Rogers. Amejificha nyuma yake.

Ziko njia nyingine ambazo mwanagenzi hufundishwa. Daktari Aaron Beck, pia wa Marekani, alibaini katika miaka ya 1960 kwamba wagonjwa wake wenye sonona walikuwa na mawazo ya kujilaumu yanayopita akilini upesi, kwa mazoea, bila kuchunguzwa. Mshauri anayefuata njia yake atakupa kazi ya nyumbani: uandike wazo, saa lilipokujia, na ushahidi wa kulithibitisha au kulikanusha. Kitabu cha Gerard Egan cha mwaka 1975, kinachotumika sana katika mafunzo, nacho kinaigawa kazi katika hatua tatu: hali ilivyo sasa, hali unayoitaka, na namna ya kufika huko. Mwulize mwanagenzi anatumia njia ipi na kwa nini inafaa kwa jambo lako. Akijibu kwa maneno usiyoyaelewa, mwombe ayarudie kwa lugha ya kawaida. Kama hawezi, bado hajaielewa.

Mwanagenzi pia ana makosa ya ugeni, na mengi yanasameheka. Atayarudia maneno yako kama kasuku kwa sababu amefundishwa kuonyesha kwamba amesikia. Ataacha kimya kirefu mno, au atakihofia na kukijaza. Yasiyosameheka ni ya namna nyingine: kukutaka mapenzi, kukukopa fedha, kukuuzia dawa au bidhaa, kukulazimisha ufuate dini yake ili uendelee kuhudumiwa, kukuambia uache dawa ulizoandikiwa na daktari. Mshauri nasaha, awe mwanagenzi au aliyehitimu, si daktari, na dawa si kazi yake.

Siri yako inafika wapi

Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini anayejifunua ana haki ya kujua nani mwingine yumo chumbani. Kwa mwanagenzi, wamo wengine. Msimamizi wake atasikia habari zako, kwa kawaida bila jina lako. Pengine wanagenzi wenzake watazisikia katika kikundi cha mafunzo. Pengine chuo kitamtaka arekodi sauti ya kikao ili asikilizwe na kusahihishwa. Hakuna ubaya katika haya, na kwa kweli usimamizi huo ndio unaokulinda. Ubaya ni kutoambiwa.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya, za ndoa na za familia ya mtu kuwa data nyeti, na ni shida kufikiria kikao cha ushauri kisichogusa hata moja kati ya hizo. Rekodi ya sauti isifanywe mpaka utoe ridhaa yako, baada ya kuelezwa itasikilizwa na nani, itawekwa wapi, na itafutwa lini. Unaweza kutoa ridhaa leo na kuiondoa wiki ijayo. Kituo kizuri hakitakunyima huduma kwa sababu ulikataa kurekodiwa. Kitamtafutia mwanagenzi mteja mwingine wa kumrekodi. Uliza pia kama rekodi itakuwa katika simu yake binafsi, ambayo huenda watoto wake huichezea. Swali hili linaonekana dogo hadi siku simu itakapopotea.

Usiri una mipaka, nayo yapasa utajiwe katika kikao cha kwanza, kabla hujaanza kusimulia. Mshauri hawezi kukaa na siri inayoonyesha kwamba maisha yako au ya mwingine yamo hatarini, au kwamba mtoto anadhulumiwa. Mahakama nayo inaweza kuagiza. Nje ya hapo, mume, mke, mwajiri, mchungaji na mzazi wa mtu mzima hawana haki ya kuambiwa ulichosema, hata kama wao ndio waliolipa ada.

Jambo linapomzidi

Kuna siku mteja husema jambo ambalo mwanagenzi hajawahi kulisikia nje ya kitabu. La kutisha zaidi ni pale mteja anaposema kwamba amechoka kuishi.

Mwanagenzi aliyefundishwa vizuri hataruka neno hilo wala kumkemea aliyelisema. Atauliza waziwazi kama mteja anafikiria kujiua, na kama amekwisha kuandaa njia. Watu wengi huamini kwamba kuuliza hivyo ni kumtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo, wataalamu wamelichunguza jambo hilo na kuona kwamba kuulizwa kwa utulivu humpa mtu nafasi ya kutua mzigo. Baada ya hapo mwanagenzi hapaswi kulibeba peke yake. Atamwita msimamizi siku hiyo hiyo, atazungumza nawe kuhusu ndugu au rafiki wa kukaa nawe, na atakupeleka hospitalini ikibidi. Usione kwamba amekusaliti au kwamba umemshinda. Kujua mpaka wake ni sehemu ya kazi yake.

Kwa miaka mingi watu walificha mawazo hayo kwa hofu ya polisi, kwa kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mtu aliyejaribu kujiua akanusurika anahitaji tiba, na anaweza kumweleza mshauri wake hivyo bila kuchagua maneno.

Yako mambo mengine ambayo mwanagenzi anapaswa kuyakabidhi kwa mwenye ujuzi zaidi: mtu anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anayekosa usingizi siku nyingi huku akizidi kuchangamka, aliye katika uraibu mzito, au anayepigwa nyumbani na yumo hatarini sasa hivi. Kwa dhuluma za kijinsia nambari 1195 hupokea simu bila malipo, na kwa watoto ni 116.

Siku ya kuagana

Hili husahaulika, na kwa maoni yetu ndilo linalowaumiza wateja wa wanagenzi kuliko mengine yote. Mwanagenzi huja kwa muhula na huondoka kwa muhula. Mteja aliyefiwa, aliyeachwa au aliyelelewa na watu waliotoweka, anaweza kujikuta akiachwa tena, safari hii na mtu aliyejifunza kumwamini kwa jitihada kubwa. Tumesikia wateja wakieleza kwamba walifika kituoni wakakuta uso mgeni na maneno: “Yule amemaliza.”

Basi uliza katika kikao cha kwanza: utakuwa hapa hadi mwezi gani, na tuna vikao vingapi? Vikao vingi huwa vya dakika hamsini hivi, mara moja kwa wiki, kwa hiyo hesabu si ngumu. Ikiwa jambo lako ni la muda mrefu na mwanagenzi anaondoka baada ya wiki sita, kituo kikueleze mapema atakayekupokea ni nani, na kumbukumbu zako zitakabidhiwa kwake kwa ridhaa yako au la. Mwanagenzi mzuri huanza kuitaja siku ya kuagana vikao kadhaa kabla haijafika, na hukupa nafasi ya kusema unavyojisikia kuhusu jambo hilo, hata kama ni hasira.

Malipo na malalamiko

Huduma ya mwanagenzi kwa kawaida ni ya bure au ya ada iliyopunguzwa. Ukitozwa ada kamili ya mshauri aliyehitimu, uliza sababu. Lipa kupitia akaunti au nambari ya malipo ya kituo, wala si kwa simu ya mwanagenzi, na udai risiti. Kituo kikikuficha kwamba mshauri wako yumo mafunzoni, kimekunyima habari uliyostahili kuijua kabla ya kuamua.

Unaweza kumkataa mwanagenzi na kuomba mshauri mwingine bila kutoa sababu, japokuwa huenda ukangoja zaidi. Hatusemi hivi ili kukutia woga. Mwanagenzi ana wateja wachache, hujiandaa kwa kila kikao, na ana mtu wa pili anayeifikiria kesi yako. Si kila mshauri mwenye cheti ukutani ana hayo matatu.

Jambo likienda kombo, anza kwa kumwambia mwanagenzi mwenyewe ikiwa ni la kusemeka: kuchelewa, kutoelewana, neno lililokuuma. Mara nyingi mazungumzo hayo huwa na faida kuliko vikao vitatu vilivyotangulia. Likiwa zito, mwendee msimamizi wake, kisha mkuu wa kituo au chuo. Madai ya ukiukaji wa maadili yanaweza kupelekwa kwa Bodi ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia, na ya siri iliyovuja kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Unyanyasaji wa kimapenzi ni jambo la polisi, wala usisubiri chuo kimalize uchunguzi wake.

Ili malalamiko yako yafuatiliwe, utahitaji jina la mwanagenzi, la chuo chake na la msimamizi wake, pamoja na nambari ya usajili ya msimamizi huyo, ambayo unaweza kuithibitisha kwa Bodi. Yaandike yote siku ya kwanza, nyuma ya risiti au ya fomu ya ridhaa, ukiwa ungali umeketi mapokezini.